Baiskeli ya Fundi Otmari

Haya ninayowaambia nimeyaona mwenyewe kwa macho haya mawili, na pale macho yaliposhindwa kufika, masikio yalifika. Nilikuwa juu ya paa. Atakayebisha aniambie kwanza yeye alikuwa wapi siku hizo. Darasa la sita mimi nimelisoma mara mbili, kwa hiyo sina pupa. Kitu nikikitazama nakitazama mpaka kiingie. Na mambo ya nyumba ya Fundi Otmari Ndimbo niliyatazama kutoka juu, mahali ambapo watu wa chini hukusahau kabisa.

Kazi yangu ni kupaua na kuziba mabati. Upande wetu huu wa Songea, ukilala usiku wa mvua na shuka lako likabaki kavu, jua huo ni mkono wangu. Otmari aliniita nizibe paa kabla ya masika. Ilikuwa kazi ya siku moja. Nikaivuta. Sikatai, mke wake Kolumba anajua kupika kisamvu. Lakini baadaye niliivuta kwa sababu nyingine, kwamba huwezi kupiga nyundo juu ya kichwa cha mtu anayekufa, na huwezi pia kushuka katikati ya maneno kama yale niliyoyasikia.

Hadithi hii ina watu watatu, na kitu kimoja cha kupewa mmoja wao. Niwatambulishe na vipaji vyao, ili baadaye msiseme nimewapunja.

Kuna Eletheria Haule, nesi wa hospitali ya misheni, mmoja wa wale wanaowafuata wagonjwa nyumbani pale dawa za kuponya zinapokuwa zimefika mwisho. Kipaji chake ni kuuliza swali kisha akanyamaza. Mnacheka. Haya, jaribuni leo nyumbani kwenu. Mimi nikimuuliza mtu swali, namjibia kabla hajafumbua mdomo.

Kuna Yustino Kihwele, fundi cherehani, Mhehe aliyehamia kwetu akiwa kijana. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wachekane. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, hata msibani, tena msibani ndiyo zaidi, na ukikasirika kosa ni lako. Kipaji cha Yustino ni kulitaja hadharani lile jambo ambalo wote mnazunguka pembeni yake.

Na kuna Osmunda Ngonyani, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyefiwa na mume mwaka juzi. Kipaji chake ni kukaa na mtu. Basi, hakuna kingine. Haleti neno la faraja wala hasemi Mungu ana makusudi yake. Anakuja, anakaa, na ukiwa na kazi mkononi anaishika upande wa pili.

Sasa sikilizeni taabu ilivyokuwa.

Otmari alikuwa fundi uashi. Nusu ya kuta za kijiji chetu ni zake. Akashikwa na tumbo, akakonda, akapelekwa hospitali, na daktari akamwita pembeni kaka yake, Ladislaus, pamoja na Kolumba. Akawaambia ni saratani, imeshasambaa, mpelekeni nyumbani mkae naye. Hawa wawili wakiwa njiani wakakubaliana kumficha. Wakamwambia ni vidonda vya tumbo, asile pilipili, atapona.

Otmari akaitikia. Lakini mtu aliyeishi na mwili wake miaka yote hiyo haambiwi na mwingine kwamba umeanza kuondoka. Alijua. Na kwa kuwa aliona Kolumba anaamini vidonda vya tumbo, naye akaamua kumficha Kolumba.

Basi nyumba nzima ikawa inaigiza. Mgonjwa anasema, "Nikipata nguvu, mke wangu, nitajenga banda la nguruwe pale nyuma." Mke anajibu, "Mlango uelekee mashariki, lipate jua la asubuhi." Mgonjwa anasema, "Mashariki upepo utawaua wale watoto wa nguruwe, mlango uwe kusini." Wanabishana kweli kweli mpaka uji unapoa, juu ya banda ambalo kila mmoja anajua halitajengwa na mkono ule. Mimi nipo juu, misumari mdomoni, nyundo nimeilaza.

Ungesema, si waache tu waigize, inadhuru nini? Ilidhuru hivi. Otmari na Kolumba hawakujaliwa mtoto. Katika ukoo wa akina Ndimbo, mwanamume asiye na mtoto akifa bila kusema neno, nyumba inarudi kwa ndugu na mjane anarudishwa kwao. Na Ladislaus alikuwa na kijana wa kuoa, anatafuta pa kumweka. Si mtu mbaya Ladislaus. Ni mtu anayefuata desturi ikielekea upande wake. Kolumba kwao kulibaki vichaka na kaburi la mama yake. Neno moja la Otmari, mbele ya kaka yake na mbele ya Kolumba mwenyewe, lingemwacha mke ndani ya nyumba. Lakini angelisemaje? Mtu anayeugua vidonda vya tumbo haachi wosia.

Eletheria alifika kwa miguu, mkoba begani, vumbi mpaka magotini. Alimkuta Otmari amejikunja kama jongoo aliyeguswa. Hakuanza na maneno. Alimpimia dawa ya maji ya maumivu, akamfundisha Kolumba namna ya kuipima, akamwambia na mapapai yawepo, maana dawa hiyo hufunga choo. Siku zilizofuata alirudi, akaongeza kidogo, akapunguza kidogo, mpaka nikamsikia Otmari akipiga mluzi kitandani. Mtu ambaye wiki nzima nilikuwa namsikia akisaga meno.

Ndipo siku moja, Kolumba akiwa kisimani, nesi akavuta kigoda. Bati la juu ya chumba hicho nilikuwa nimelitoa. Niliwaona kama niliyekaa nao.

"Baba," akasema, "ugonjwa huu wewe mwenyewe unauelewaje?"

"Wameniambia ni vidonda vya tumbo."

"Wamekuambia hivyo. Na wewe unajiambia nini?"

Akanyamaza. Jamani, yule dada alinyamaza. Kuku walipita uani, mtoto wa jirani akalia akabembelezwa akaacha, na yeye bado amemtazama mzee kwa uso wa kawaida tu, kama mtu anayesubiri chai ichemke. Mimi mwenyewe nilitaka kujibu kutoka huko juu.

"Ninakufa, mwanangu," Otmari akasema. "Ila tafadhali usimwambie Kolumba. Anaamini nitajenga banda."

Nesi hakumkatalia, wala hakumhubiria. Akauliza tena, "Ungepata nafasi ya kusema jambo moja tu kabla ya kuondoka, ungesema nini, na ungemwambia nani?"

Safari hii jibu halikuchelewa. "Ningesema nyumba hii ni ya Kolumba, asiguswe. Ningemwambia kaka, Kolumba akisikia."

"Nini kinakuzuia?"

"Nikisema hivyo nitakuwa nimemwambia ninakufa."

Eletheria akamshika mkono. Hakusema atapona, na hakusema usiogope. Alisema, "Hilo neno sasa unalijua, baba. Lipo." Akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Mnaona. Neno limepatikana, na maumivu hayapo ya kulifunika. Lakini limekaa kooni.

Jumapili baada ya misa, uani palijaa wageni. Otmari ametolewa nje, amelazwa kwenye mkeka, na kila anayefika anasema lile lile. "Naona leo una nafuu." "Mpaka Pasaka utakuwa unapanda ngazi." Ladislaus amekaa kwenye kiti cha uvivu, anaitikia kwa niaba ya mgonjwa. Kolumba anagawa togwa.

Yustino akaingia na futi yake ya kupimia shingoni. Hakumsalimia mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye mkeka, akapiga magoti, akaiweka futi kwenye kisigino cha Otmari, akaivuta mpaka utosini. Akatikisa kichwa.

"Mtumwa wangu huyu ni mrefu bure," akasema. "Mbao zitaniishia. Itabidi nimkunje."

Bakuli la togwa lilikuwa limefika mdomoni kwa katekista, likasimama hapo hapo.

"Na mabega haya," Yustino akaendelea kupima, "ungekuwa fundi cherehani kama mimi ungekuwa na mabega ya adabu. Sasa nitapata wapi jeneza lenye mabega?"

Ladislaus akainuka. "Wewe Mhehe, toka kwenye uwanja wa watu."

"Mtani amekasirika," Yustino akasema bila kugeuka. "Andikeni hapo, anadaiwa mbuzi."

Na hapo tukasikia kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Otmari alikuwa anacheka. Alicheka ameshika tumbo, machozi yanamtoka. "Ukinikunja," akasema, "nitakurudia niwe nakutekenya ukiwa unatunga uzi kwenye sindano. Hutashona suruali mpaka unifuate."

"Nifuate mtumwa? Utaniletea maji ya kuoga huko huko."

Otmari akafuta macho, akamgeukia kaka yake. "Kaa chini, kaka. Mtani amesema kile ninachokisema peke yangu kila siku. Ninakufa. Mimi ninajua, na wewe unajua. Tuache kuchoshana."

Ladislaus akakaa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani bila kuomba. Wengine walimtazama mgonjwa. Mimi, kwa kuwa nipo juu, nilimwona Yustino akizunguka nyuma ya choo, amejiziba mdomo kwa ile ile futi, mabega yanatikisika. Walikuwa marafiki tangu ujana. Alipomaliza alinawa uso kwenye pipa, akarudi kudai sahani ya ubwabwa.

Siri ikawa imekufa kabla ya mgonjwa. Ungefikiri yamekwisha.

Hayakwisha, kwa sababu Kolumba aliweka chini kibuyu cha togwa, akaondoka. Tangu siku hiyo Otmari akianza, "Mke wangu, nikiondoka," yeye anakumbuka maji hayapo. Akianza, "Kuhusu hii nyumba," anakumbuka mahindi yako juani. Ladislaus aliitwa akaja, akasema wazi, "Mdogo wangu, ukisema nitasikia. Lakini unayempa akiwa hayupo kupokea, ukoo utaniuliza alipewa nani. Namngoja shemeji akae." Akangoja, shemeji hakukaa. Akaenda zake.

Kolumba alikuwa nyuma ya nyumba. Alichukua jembe, akachimba udongo, akamwaga maji, akaanza kuukanyaga. Tofali za banda la nguruwe. Peke yake, kanga imefungwa kiunoni, anakanyaga kama anayemkanyaga mtu.

Osmunda akatokea kwenye uchochoro. Alimtazama kidogo. Akavua ndala, akakunja kanga, akaingia kwenye tope, akakanyaga naye. Hapakuwa na salamu. Walikanyaga mchana kutwa, wakafyatua, wakapanga tofali juani. Kesho yake Osmunda akarudi. Kesho kutwa pia. Nawaapia sikuwahi kuona wanawake wawili wakikaa pamoja kwa muda mrefu vile pasitajwe jina la mtu.

Siku hiyo ya tatu, jua limeanza kulegea, Osmunda akasema bila kusimamisha miguu, "Mume wangu alitaka kuniambia kitu."

Kolumba akaendelea kukanyaga.

"Nikamwambia pumzika, utaniambia kesho."

"Alitaka kukuambia nini?"

"Sijui," Osmunda akasema. "Mpaka leo sijui."

Miguu ya Kolumba ikasimama. Alisimama katikati ya lile tope, nikadhani ataanguka. Osmunda hakumshika. Alikaa tu karibu, umbali wa kumdaka. Baadaye Kolumba akatoka, akaenda ndani bila kunawa, akaacha nyayo za udongo kuanzia mlangoni mpaka kitandani. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Haya, Fundi," akasema. "Sema."

Mtoto wa jirani alitumwa mbio kwa Ladislaus. Alipofika, Otmari aliegemezwa mito.

"Kaka, nyumba hii kuta nimezijenga mimi, lakini udongo wake aliukanyaga huyu. Mtazame miguu, hata sasa anakanyaga. Ni yake. Asitoke mpaka siku atakayotaka mwenyewe. Nikifa asiulizwe."

"Nimesikia," Ladislaus akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nami ndiye nitakayesema hivyo kwenye ukoo."

"Nimesikia, nimepokea," Kolumba akasema. Akavuta kamasi. "Na banda?"

Otmari akajibu, "Mlango uelekee mashariki. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Mimi nilipenda tu kubishana na wewe."

Halafu akaongeza jambo ambalo ndilo limetuleta hapa. "Baiskeli yangu apewe yule aliyenisaidia kusema."

"Nani?" kaka akauliza.

"Mnamjua," Otmari akasema, akafumba macho. Hakuyafumba moja kwa moja. Siku kadhaa nyingine aliishi, akila papai, akitaniwa na Yustino, akishikwa mkono na mke wake. Ila kila alipoulizwa habari ya baiskeli alitabasamu tu. Mpaka leo sijui kama alikuwa amechoka au alikuwa anatuchezea. Alikufa asubuhi, mkewe akiwa pembeni, bila kusaga meno.

Siku ya kuanua matanga, Kolumba akaitoa ile baiskeli ya chuma, akaiegemeza ukutani, akasema wosia utimizwe. Na uwanja ukawaka moto.

Katekista, aliyesimuliwa na Otmari mwenyewe siku zake za mwisho, alisimama upande wa nesi. "Mtu aliyejikunja kwa maumivu ana neno gani la kusema? Yeye ndiye aliyeyaondoa. Na yeye ndiye aliyemfanya alijue neno lenyewe. Isitoshe anatembea kwa miguu vijiji vyote hivi."

"Huyo analipwa mshahara," mama mmoja wa kwaya akasema.

"Mshahara ni wa dawa. Wa kunyamaza vile, nani anamlipa?"

Yustino akakohoa. "Mnapoteza muda. Mtumwa na mali yake vyote ni vya bwana wake. Nileteeni hiyo baiskeli, nina mnada Alhamisi."

Wakacheka. Seremala akamuunga mkono kwa dhati: bila ile futi, Otmari angekufa na siri yake na mkewe akabaki na ya kwake, na nesi angemwaga dawa mpaka chupa iishe. "Lakini yule ni mtani," akajibiwa. "Anatimiza wajibu wake. Akilala yeye, ni sisi tutakaompima. Utani haudai shukrani."

"Basi ni Osmunda," mama wa kwaya akasema. "Otmari alishakuwa na neno, na ruhusa alishapata. Angemwambia nani? Ukuta?"

"Osmunda hakusema hata neno moja na marehemu," katekista akamjibu. "Marehemu alitaja aliyemsaidia kusema. Osmunda alimsaidia mwingine kusikia."

"Kuna tofauti gani?"

Kisha mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyanyua mkono, akasema mnamsahau fundi wa mabati, aliyekuwa na akili ya kutopiga nyundo siku zote hizo. Bila yeye nani angesikilizana mle ndani? Apewe yeye. Watu wakatikisa vichwa, wakaona lina uzito.

Eletheria, alipoulizwa anasemaje, alimgeukia Kolumba, akauliza swali. "Mama, wewe unaonaje?" Akanyamaza. Osmunda alikuwa hayupo kwenye kikao; alikuwa nyuma anaosha masufuria. Kolumba alizunguka ile baiskeli, akapapasa kiti chake, akasema hawezi kuamua leo. Akaomba apewe muda mpaka tofali za banda zikauke. Ladislaus akasema, "Shemeji, uko nyumbani kwako, hakuna anayekukimbiza," na hilo nililisikia kwa masikio haya.

Tofali zimekauka, na kuta za banda zimesimama. Jana amenituma nipande nimpimie mabati ya banda, na alipokuwa ameshika ngazi aliniuliza, "Wewe uliyekuwa unaona yote, ungempa nani?" Nikajidai msumari umenikwama mdomoni.

Kwa hiyo ninawaletea ninyi. Na ili mwamue kwa haki, niseme jambo moja. Yule mzee wa nyuma aliyenyanyua mkono akanitaja mimi hakuwepo. Nimemtunga. Kikao kizima hakuna aliyenikumbuka, na nimetazama mara mbili. Mengine yote yako kama yalivyokuwa, na hao watatu ni hao hao: mmoja aliyemfanya alijue neno, mmoja aliyemfungulia njia ya kulisema, mmoja aliyemletea wa kulisikia. Baiskeli ni moja, usukani mmoja, kiti kimoja.

Kolumba anangoja jibu nikipanda kesho. Je, wewe ungeamua vipi?